Watu Wote wa New York Dhidi ya Bahati

Wanangu, mnaoniona nimekaa hapa na kikombe changu cha chai ya tangawizi, msinidharau. Nimewahi kuendesha gari nikiwa nimelewa kule Louisville. Columbus nimeiba jenereta, na mchana wa siku hiyohiyo nikamtukana askari. Buffalo nilimsukuma jirani yangu akaanguka na mguu wa mbuzi mkononi. Yote hayo niliyakiri mbele ya majaji, kwa sauti ya kusikika, kisha nikarudi nyumbani kusonga ugali. Nilikuwa mkalimani wa mahakama.

Mnaotaka kuifanya kazi hii, anzieni hapo. Mshitakiwa akisema "mimi", na wewe useme "mimi". Siku yangu ya kwanza Louisville sikulijua hilo. Kijana mmoja aliulizwa kama alikunywa pombe, akajibu kwamba alikunywa kidogo. Mimi nikamgeukia jaji na kusema, "Huyu kijana anasema eti alikunywa kidogo, lakini mheshimiwa, namjua mama yake, ni mtu wa kanisa." Jaji aliniangalia kama mtu aliyeona kuku ameingia sebuleni.

Aliyeniokoa ni Bwana Odhiambo, Mkenya aliyekuja Amerika kusoma, akaishia kuwa mkalimani kabla ya sisi wote. Alinivuta pembeni wakati wa mapumziko. "Mama Tumaini," akaniambia, "hapa hakuna 'anasema', na hakuna mama yake. Wewe ni bomba. Maji yanaingia, maji yanatoka. Don't add sugar." Halafu akaninunulia andazi. Usiongeze, usipunguze, usishauri. Sheria yenyewe ni hiyo tu, unaiapia kabla ya kuanza, na ilinichukua miaka kuizoea.

Nilikuwa nafanya mazoezi jikoni huku nikikaanga vitunguu. Nasema kwa Kiingereza, "Ndiyo mheshimiwa, niliichukua jenereta," halafu narudia kwa Kiswahili. Siku moja binti yangu Tumaini akasimama mlangoni na mkoba wake wa shule, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama hiyo jenereta bado tunayo. Watoto wetu mnawajua. Unawasemesha Kiswahili, wanakujibu Kiingereza, na ukiwa na bahati mbaya wanakujibu mbele ya wageni.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, na kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa kufunga makatoni kwenye kiwanda kule Jeffersontown, pembeni ya Louisville. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba sheria za Amerika na adabu zetu hazijawahi kutambulishwa rasmi. Chukueni haki ya kukaa kimya. Askari anapomkamata mtu na kutaka kumhoji, anamsomea: una haki ya kukaa kimya, lolote utakalosema laweza kutumiwa dhidi yako. Ni haki nzuri sana. Lakini kwetu, mtu mwenye mamlaka akikuuliza jambo ukanyamaza, umeshajihukumu.

Basi Mzee Gervasi, tuliyefunga naye makatoni, akakamatwa kwa kugonga gari la mtu na kuondoka. Askari akamsomea haki yake. Mzee akasikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Asante sana mwanangu, lakini usiwe na wasiwasi, mimi nina nafasi." Akaanza kueleza tangu walivyohamia kambini Mtabila. Ile rekodi ikaletwa mahakamani, nami nikaitafsiri yote. Tulipitia kambi, harusi yake, na safari ya ndege, na taa nyekundu ya pale alipogonga gari tulikuwa hatujaifikia bado. Wakili wake alikuwa ameinamisha kichwa mezani.

Au ile ya kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba anayo, na anayetakiwa kuthibitisha ni serikali, si wewe. Columbus kulikuwa na mama mmoja wa kwaya ambaye mwanawe alishitakiwa kwa ile jenereta. Akaleta kanisa zima kuja kushuhudia kwamba mtoto ni mwema. Walijaza viti mpaka mlangoni, wengine na sare za kwaya. Wakili akamweleza kwa upole kwamba hawana haja ya kuthibitisha chochote, mzigo ni wa upande wa pili. Mama akaudhika kabisa. "Watu wote hawa nimewalisha asubuhi," akasema, "halafu wasiseme neno?"

Lakini niliyotaka kuwasimulia leo ni ya Bahati, na hiyo ilitokea Buffalo, miaka ile ya katikati ya muongo wa 2010, nilipohamia huko kuwa karibu na dada yangu.

Bahati alikuwa Mkongo wa Kivu, mrefu, mcheshi, fundi wa kuimba besi. Aliishi mtaa wa Black Rock kwenye nyumba ya ghorofa moja, zile za mbao ambazo familia moja inakaa juu na nyingine chini. Yeye alikaa juu. Chini alikaa Zakaria, Mrundi mwenzangu, mfupi, mwenye maneno mafupi pia. Waliinunua ile nyumba pamoja, wakaimba kwaya moja, na kila sikukuu walikwenda shambani nje ya mji kununua mbuzi mmoja wakagawana.

Pasaka moja wakagombana juu ya kichwa cha mbuzi. Msicheke, kichwa kina mambo yake. Kila mmoja aliamini ni zamu yake. Walikuwa barazani wamesimama na visu na nyama, na Bahati akamsukuma Zakaria. Zakaria akashuka ngazi kinyumenyume akiwa amekumbatia mguu wa nyuma wa mbuzi, akaangukia bustani ya maua, akapasuka kidogo juu ya jicho.

Ng'ambo ya barabara alikuwa anakaa bibi mmoja Mmarekani, Bibi Helen, mjane, mwenye mbwa mzee na darubini ya kuangalia ndege. Alichokiona dirishani ni mwanamume amelala chini katika damu na mwingine amesimama juu yake na kisu. Akapiga 911. Damu nyingi ilikuwa ya mbuzi, lakini kwa darubini hilo halionekani.

Polisi wakaja. Wakamwuliza Zakaria, "Alikusukuma?" Zakaria hajui kusema uongo, akasema ndiyo. Wakamwuliza Bahati, na Bahati naye, kama Mzee Gervasi, alikuwa na nafasi. Akafungwa pingu mbele ya wanawe.

Kesi ya shambulio dogo kama hiyo, kwa mwenyeji, ni aibu ya wiki moja. Kwa Bahati ilikuwa kitu kingine. Binti yake mkubwa, Neema, alibaki kambini Nyarugusu kwa sababu aliandikwa kwenye kadi ya chakula ya shangazi yake, na familia ilipoitwa kusafiri, jina lake halikuwamo. Bahati alikuwa amebakiza kidogo kupata uraia ili amwite. Wakili alimwambia waziwazi kwamba akitiwa hatiani, au akipata kosa lingine juu ya hilo, uraia unaweza kukataliwa na Neema akabaki hukohuko. Nilipomtafsiria maneno hayo alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Nami niliumia, maana bomba nalo lina moyo, ila haliruhusiwi kuuonyesha.

Siku ya kwanza mahakamani, karani akasoma jina la kesi. Sasa sikilizeni vizuri, hili litawasaidia. Makosa ya jinai hayashitakiwi na yule aliyeumizwa. Yanashitakiwa na jimbo. Kentucky wanasema Jumuiya ya Kentucky dhidi ya fulani. Ohio wanasema Jimbo la Ohio. New York wao wanasema Watu wa Jimbo la New York. Basi nikamtafsiria Bahati, neno kwa neno, kwamba Watu wa Jimbo la New York wanamshitaki yeye.

Bahati akapauka. Akamwinamia wakili wake, dada mmoja mwembamba aliyebeba mafaili mazito kuliko yeye, akasema, "Bon, batu yote ya New York njo bananishitaki? Na batu ya kanisa yetu beko mu ile hesabu?"

Nikatafsiri. Wakili akasema kwa namna fulani, ndiyo, wote.

"Na we, Madame?"

Wakili akafikiri kidogo, akasema kwamba kwa kweli hata yeye anaishi New York. Bahati akamtazama kwa huruma sana, kama anayesema pole, kazi yako ni ngumu.

Wakili akakana mashitaka kwa niaba yake, jaji akamwachia aondoke bila dhamana, lakini akatoa amri ya ulinzi. Hiyo nayo muielewe. Inasema usimkaribie fulani, usimpigie simu, usimtumie mtu, usiende anapokaa. Bahati ilimbidi ahame nyumbani kwake mwenyewe akalale kwa shemasi mmoja upande wa pili wa mji. Jaji alimweleza, mimi nikatafsiri, akasema ameelewa. Na aliielewa kweli. Ila aliielewa kama sisi tunavyoelewa, kwamba watu wakigombana wanatenganishwa mpaka wapatane.

Na wakapatana. Wazee wa kanisa waliwaita, wakawakalisha, wakasikiliza habari ya kichwa cha mbuzi tangu mwanzo. Wakaamua. Bahati akapiga goti, Zakaria akamwinua, kukawa na kreti la Fanta za chupa na wali. Kwetu zamani ingekuwa bia, lakini hawa ni watu wa wokovu. Mambo yakaisha, na kwetu yakiisha kuna jambo moja la lazima: mliogombana mtembee pamoja, muonekane. Mkipita njia tofauti, watu watajua ndani bado kunawaka.

Asubuhi ya kesi nilifika mapema, kama kawaida yangu. Vijana, fikeni mapema, kuleni kwanza, vaeni viatu visivyopiga kelele, na msipande lifti na mshitakiwa. Mimi nilipanda ngazi. Nikatokea kwenye korido, nikamwona Bahati amekaa kwenye benchi, na pembeni yake, bega kwa bega, Zakaria. Walikuwa wanakula chapati kutoka kwenye bakuli moja. Zakaria alikuwa anamfuta Bahati makombo kwenye tai.

Mtu aliyekatazwa na jaji kumsogelea mwenzake alikuwa anakula naye chapati mlangoni mwa jaji huyohuyo, na kuvunja amri ile ni kosa jipya, tena zito kuliko la kwanza. Nilitaka kupiga kelele, "Achaneni." Lakini mkalimani hashauri. Basi nilikimbia. Mwanamke wa makamo, na skafu, kwenye korido ya mahakama, nikamkuta wakili wake amezama kwenye mafaili, nikamwambia, "Naomba uje kuzungumza na mteja wako sasa hivi, mimi nipo tayari kutafsiri." Hiyo inaruhusiwa. Nilijua sheria zangu.

Wakili alipowaona, alikaa kwenye benchi la mbele yao bila kuangalia kama lipo.

"Umefikaje hapa leo?" akamwuliza Bahati.

"Na motokari ya Zakaria," Bahati akajibu kwa furaha. "Alikuya kunikamata kwa shemasi. Baridi iko mingi, na basi inakawiya." Kwao kumkamata mtu ni kumchukua.

"Mtu nimemsamehe," Zakaria akaeleza, "nimwache kwenye kituo cha basi apigwe na upepo wa ziwa?"

Wakili akaomba, kwa sauti ya mtu anayembeleza mtoto juu ya mti, kwamba Bahati aende mwisho ule wa korido na Zakaria aende mwisho huu, na wasizungumze. Wakatii. Wakatembea kila mmoja upande wake, wakasimama. Kisha Zakaria akaita mpaka korido nzima ikasikia, "Bahati, ufunguo wa gari unao wewe?" Na Bahati akaurusha. Wakili akafumba macho.

Mwendesha mashitaka, bwana mmoja mpole mwenye mafua, alikuja kuzungumza na Zakaria. Zakaria akamwambia amekuja kuifuta kesi yake. Bwana akamweleza kwamba kesi si yake, ni ya Watu wa New York, yeye ni shahidi tu.

"Mimi ndiye niliyeanguka," Zakaria akasema. "Hao Watu walikuwa wapi?"

Nilitafsiri. Sikuongeza, sikupunguza, lakini niliuma ulimi mpaka nikasikia uchungu.

Tukaingia. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Akamwuliza Zakaria kama bado anamwogopa mshitakiwa. Zakaria akacheka kabla sijamaliza kutafsiri, akasema angekuwa anamwogopa asingemleta mwenyewe kwa gari lake.

Hata yule bwana wa mafua aliacha kupenga. Jaji akavua miwani, akaeleza polepole kwamba amri ile inamfunga mshitakiwa, siyo Zakaria. Zakaria hana ruhusa ya kuitengua, hata akimwita, hata akimbembeleza. Anayejibu ni Bahati peke yake. Kisha akasema, "Bwana Bahati, kwa nini nisikuweke ndani leo?"

Nilimtafsiria kwa sauti ya chini. Nilimwona anamfikiria Neema, kwa sababu midomo yake ilitamka jina bila kutoa sauti. Akafungua mdomo kueleza tangu mwanzo. Wakili akamgusa mkono. Na Bahati, mtu aliyewasimulia polisi maisha yake yote, akanyamaza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu wetu anaitumia haki ile, na nilimwonea fahari.

Wakili akasimama, akaomba ruhusa Zakaria aulizwe mwenyewe kwa nini walikuja pamoja. Zakaria, yule wa maneno mafupi, siku hiyo aliyapata marefu. "Mheshimiwa, kwetu ugomvi ukiisha, lazima tutembee pamoja watu watuone. Tulidhani tukija mbali mbali, wewe utajua tunakudanganya. Tumekuja pamoja ili uone kwa macho yako kwamba imekwisha."

Bahati akamnong'oneza wakili kupitia kwangu, nami nikaona uso wa wakili unabadilika. Akakohoa. Akasema, "Mheshimiwa, mteja wangu anaomba kuongeza jambo moja, na mimi sioni madhara. Anasema ameshapatana na Bwana Zakaria, lakini bado hajapatana na Watu wa New York. Ameleta kreti la Fanta kwa ajili yao. Liko kwenye buti la gari. Anauliza kama litatosha."

Mwendesha mashitaka akageukia ukuta, mabega yakamcheza. Karani akaangusha kalamu, akakaa chini ya meza muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji. Jaji akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena, akasema mwakilishi wa Watu wa New York haruhusiwi kupokea zawadi, hata soda. Kisha akaibadilisha amri: wanaweza kukaa pamoja, ila asimdhuru. Yule bwana wa mafua akakubali kesi iahirishwe miezi sita, na Bahati akikaa vizuri, ifutwe kabisa, isiache alama. Bahati alilia wazi, na mimi nikatafuta kikaratasi cha pua ndani ya mkoba nikakuta chapati ambayo Zakaria alinipa bila mimi kujua.

Huko nje likabaki tatizo la kreti. Bahati alikuwa na wasiwasi kweli, kwa sababu kwake upatanisho ulikuwa nusu. Ni Zakaria aliyepata jibu. Akasema, yule bibi wa ng'ambo ndiye aliyeshitaki, na yeye ni Mtu wa New York, tena wa kuzaliwa. Wakampelekea. Sikuwapo, lakini nasikia Bibi Helen alifungua mlango, akawaona wale wawili wamebeba kreti huku na huku, akaogopa, akasomewa maelezo kwa Kiingereza cha Bahati, akaogopa zaidi, halafu akaelewa. Walikunywa hapohapo barazani. Mbwa alipewa mfupa.

Miezi sita ikapita, kesi ikafutwa. Uraia ukachukua muda wake, na makaratasi ya Neema yakachukua muda mrefu zaidi, mpaka mimi nikastaafu. Siku Neema alipofika, nilialikwa. Ilikuwa nyumba ileile ya Black Rock, kwaya juu na chini, na mbuzi, na kichwa kimekatwa katikati kwa haki. Neema alisimama barazani na koti kubwa la kuazima, akitetemeka, hajui amtazame nani.

Ndipo tukamwona Bibi Helen anavuka barabara, amezeeka, anavuta kigari chake cha bustani, na juu yake kreti la Fanta za chupa. Alilitafuta mwenyewe kwenye duka la Wamexico. Akasimama mbele ya Neema, akajinyoosha, akasema kwa Kiingereza maneno ambayo ni wazi aliyafanyia mazoezi, kisha akanitazama mimi nitafsiri.

Nikatafsiri. "Kwa niaba ya Watu wote wa Jimbo la New York, natoa soda hii."

Aliishia hapo. Lakini wanangu, siku ile sikuwa nimeapa popote, na nilikuwa nimejibana kwa miaka mingi. Nikaongeza langu. "Karibu nyumbani, mwanangu. Baba yako amekusubiri sana."